Mnyororo ukikatika gari halisimami: tuangalie mlango wa nyuma kabla ya kupakia

Bunagana. Mkaaji yeyote wa hapa anazijua zile pikapu za zamani zinazopakia viazi, maharagi na watu kuelekea Rutshuru. Rangi imeisha, taa moja imefungwa kwa skochi, lakini mota inaitika asubuhi bila kusukumwa. Tunazisifu, na zinastahili sifa. Leo nataka tuangalie kitu kimoja kidogo nyuma ya magari hayo: ile minyororo miwili inayoshika mlango wa nyuma ukifunguliwa. Wengine wanaiita cheni. Kwenye magari mengi ya hapa kwetu haipo tena. Mahali pake kuna waya, kamba ya nailoni, au kipande cha mpira kilichokatwa kwenye chambrea ya gurudumu.

Nitaanza na nilichokiona mwenyewe, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike.

Ilikuwa asubuhi, gari liko linapakia. Mlango wa nyuma umelala, umeshikwa upande wa kushoto na mnyororo wenye kutu, upande wa kulia na waya uliokunjwa mara tatu. Vijana wawili walikuwa wamesimama juu ya mlango huo wakipokea mifuko ya maharagi. Mama mmoja alikuwa chini, amesogea karibu kuhesabu mifuko yake. Waya ulikatika. Mlango ukapinda, mnyororo wa upande wa pili nao ukang'oka pamoja na kipande cha bati, vijana wakaanguka, na mfuko mmoja ukamwangukia mama kwenye mguu. Vijana waliinuka. Mama hakuinuka. Alibebwa kwa pikipiki hadi kwenye matibabu, mguu umevunjika chini ya goti, na msimu ule hakulima tena.

Kilichonishangaza ni kilichofuata. Shofa alishuka, akaangalia mlango, akatafuta waya mwingine, akaufunga, na baada ya nusu saa gari likaondoka. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na deni la siku kwa patroni wake na abiria waliokuwa wanalalamika. Lakini pale ndipo nilipoelewa kwa nini minyororo hii haibadilishwi: mnyororo ukikatika, gari halisimami.

Fikirieni. Gurudumu likipasuka, gari linasimama, na patroni anatoa pesa siku ileile. Klachi ikiungua, vilevile. Pompu ya mafuta ikichoka, hakuna safari, basi inanunuliwa hata kama lazima itoke Kampala. Lakini mnyororo wa mlango wa nyuma ukikatika, mota haijui. Gari linafika Rutshuru, pesa ya siku inatoka, na patroni anayelala Goma au Kisoro hana habari. Anayejua ni konvoyeri anayekaa juu ya mlango, kijana anayepakia, na mama aliye chini. Hawa watatu ndio wanaobebwa na mnyororo, na hawa watatu ndio hawana sauti kuhusu pesa ya gari.

Ndiyo sababu nasema mnyororo huu tumeuweka kwenye hesabu isiyo yake. Tunauhesabu kama pambo la gari, sawa na kioo cha pembeni au kifuniko cha rimu. Ungehesabiwa kama breki.

Kuna watakaonijibu kwamba magari haya ni imara, Toyota haifi. Ni kweli kwa sehemu. Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1968, na tangu hapo jina lake limezunguka dunia. Mwaka 2003 watangazaji wa kipindi cha magari cha Top Gear cha BBC, Uingereza, walichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, wakaigonga, wakaiacha izame baharini, wakaichoma moto, wakaiweka hata juu ya jengo lililobomolewa, na bado ikawaka. Watu wetu wanapenda kusimulia hayo. Lakini kilichopona pale ni mota na fremu. Mnyororo ni chuma chembamba kinachonyeshewa mvua, kinachopigwa na vumbi, kinachosuguana kila siku pete kwa pete. Hauna undugu na mota. Gari la miaka 35 linaweza kuwa na mota nzima na minyororo iliyokwisha zamani.

Na tusidhani ni ugonjwa wa maskini peke yao. Mwaka 2004 kampuni ya General Motors ya Marekani iliita warudishwe karakana magari karibu milioni 4 ya pikapu, yakiwemo Chevrolet Silverado na GMC Sierra, kwa sababu ya kitu hikihiki. Magari yale hayakuwa na minyororo bali nyaya nene za chuma zilizofunikwa kwa plastiki. Maji yaliingia ndani ya plastiki, chuma kikala kutu bila kuonekana, na watu waliokaa au kusimama juu ya mlango wakaanguka. Wengi waliumia. Kampuni ikabadilisha nyaya zote kwa chuma kisichoshika kutu. Magari yale yalikuwa mapya, na yalikuwa kwenye nchi yenye lami. Sisi tuko na magari yenye umri wa wazazi, kwenye barabara ya mawe ya volkano.

Barabara yetu inaongeza ubaya. Kutoka hapa kupitia Chengerero hadi Rutshuru ni karibu kilomita 27 tu, lakini mwenye kuzijua anajua ni kilomita za namna gani. Juni 2021 marais wa Congo na Uganda walizindua mradi wa barabara, na ndani yake kulikuwa na kilomita 89 za Bunagana, Rutshuru hadi Goma. Tulishangilia. Juni 13, 2022 Bunagana ikaingia mikononi mwa M23, kazi ikasimama, na tukabaki na mashimo yetu. Kila shimo ni nyundo juu ya mlango wa nyuma.

Hebu tufanye hesabu ndogo, kwa sababu wengi wanaamini waya ukikunjwa mara tatu unatosha. Tuseme mlango umelala sawa na sakafu ya gari, na minyororo miwili imeinama nusu kwa nusu, yaani nyuzi 45. Watu wawili na mfuko mmoja mdogo wanaweka karibu kilo 200 kwenye ukingo. Mtu angedhani kila mnyororo unabeba kilo 100. Hapana. Kwa sababu unavuta kwa kuinama na si kwa kusimama wima, kila mmoja unabeba karibu kilo 140. Mlango ukining'inia chini zaidi kwa sababu minyororo ni mirefu mno, mzigo unazidi hapo. Upande mmoja ukikosa mnyororo, ule uliobaki unabeba karibu kilo 280 peke yake, na bawaba zinapindishwa. Sasa gari liingie shimoni. Mshtuko unaweza kuzidisha uzito mara mbili au zaidi. Zile kilo 280 zinakuwa zaidi ya 560, kwa dakika isiyo na dakika. Je, waya wa kufungia uzio utashika?

Mnyororo mzuri utashika. Mnyororo wa kawaida wa pete zilizolehemewa kiwandani, ule unaoitwa daraja la 30, wenye unene wa milimita 8, umeruhusiwa kubeba zaidi ya kilo 800, na nguvu ya kuukata iko juu zaidi ya hapo. Wa milimita 6 unaruhusiwa karibu kilo 500 na kitu. Kwa gari linalopakia watu na mifuko ningependa wa milimita 8. Si kitu cha kuagiza Dubai. Ni kitu kinachouzwa kwa mita kwenye kenkayeri, na mita mbili zinatosha gari nzima na kubaki. Fundi niliyemuuliza alicheka: alisema patroni anayelalamikia bei ya minyororo miwili ananunua mafuta ya bei zaidi kila anapokwenda Rutshuru na kurudi.

Lakini kubadilisha vibaya ni sawa na kutobadilisha. Nimezunguka kwa mafundi nikiuliza, na haya ndiyo niliyoyakusanya.

La kwanza, si kila mnyororo ni mnyororo. Ule wa kufungia mbuzi au mbwa, ambao pete zake zimekunjwa tu bila kulehemewa, hufunguka polepole kama mdomo. Ukiona mwanya kwenye pete, rudisha dukani. Mnyororo wa pikipiki nao vijana wanaupenda kwa sababu unapatikana bure. Una nguvu ukivutwa moja kwa moja kwenye meno yake, lakini haukutengenezwa kupinda upande kwa upande. Kwenye mlango unajipinda kila siku, pini zinalegea, na siku moja unaachana.

La pili, pima minyororo yote miwili kwa kuhesabu pete, usipime kwa macho. Kama upande mmoja una pete 14, na mwingine uwe na 14. Pete moja ikizidi, mnyororo mfupi unabeba peke yake na mrefu unaning'inia kama shanga. Mlango ukilala uwe sawa na sakafu, usiteremke chini yake.

La tatu, usilehemu mnyororo moja kwa moja kwenye bodi. Ni kazi ya haraka na inaonekana imara, lakini moto wa kulehemu unabadilisha chuma cha pete iliyo karibu, na pete hiyo haiwezi tena kujigeuza. Inakatika hapo hapo, pembeni ya alama ya moto. Tumia bolti yenye kichwa kipana, washa kubwa pande zote mbili, na nati mbili au nati ya kujifunga ili isilegee kwa mtikisiko.

La nne, na hili ndilo lililomvunja mama yule mguu: angalia unapofunga. Mnyororo mpya kwenye bati lililooza ni bure. Upande wa kushoto siku ile mnyororo wenyewe haukukatika. Bati ndilo lililong'oka. Gonga kwa kichwa cha bisibisi mahali bolti inapopita. Bati likilia kavu, endelea. Likitoboka au likitoa unga mwekundu, fundi akate, aweke kipande kipya cha chuma kinene kwanza, ndipo atoboe. Bawaba za chini nazo ziangaliwe kwa njia hiyo hiyo.

La tano, wengi wanavalisha mnyororo mpira wa maji au kipande cha chambrea ili usikwaruze rangi na usipige kelele. Si vibaya, magari mengi ya zamani yalitoka hivyo. Lakini kumbukeni yale ya General Motors: kinachofunikwa kinaoza bila kuonekana. Mpira uwe mfupi na mlegevu, uweze kusogezwa kwa mkono, na kila juma usogezwe na pete ziangaliwe. Pete iliyolika hadi kubaki nyembamba katikati, au iliyorefuka kuliko jirani yake, mnyororo wote umeisha. Usikate pete hiyo na kuunganisha kwa bolti. Nunua mwingine.

Najua majibu yanayokuja, kwa sababu nimeyasikia kwenye parkingi.

Shofa mmoja aliniambia: "Muandishi, sisi tunalipa kila mahali. Barieri hii unalipa, ile unalipa, na hakuna anayeuliza mnyororo. Wanauliza jetoni." Nakubaliana naye, na ni aibu. Njia yetu imejaa watu wanaosimamisha gari, na hakuna hata mmoja anayezunguka nyuma kuangalia. Lakini jibu hilo linaeleza kwa nini hakuna anayetulazimisha. Halielezi kwa nini sisi wenyewe tusifanye. Polisi wa barabara hajawahi kumlazimisha shofa kuangalia maji ya radiateri, na bado kila asubuhi anayaangalia, kwa sababu anajua yakiisha gari litasimama.

Mwingine alisema: "Watu wasikae juu ya mlango, basi. Mlango si kiti." Hapo amesema kweli tupu. Mlango wa nyuma ulitengenezwa kushika mzigo gari likiwa limesimama linapakiwa, si kubeba binadamu njiani. Kama ningekuwa na uwezo, ningesema hakuna gari kuondoka na mlango umelala. Lakini tusijidanganye. Mfuko wa mwisho ukiingia mlango haufungiki, na kijana hana mahali pengine pa kukaa. Siku tutakapokuwa na magari ya kutosha na barabara nzuri, tutazungumza lugha hiyo. Leo mlango unalala, watu wanakaa, na kwa hiyo angalau kinachowashika kiwe chuma. Na hata huyo asemaye watu wasikae, nani atampakilia mzigo bila kusimama pale?

Wa tatu, patroni, alisema gari likikaa karaji nusu siku kwa sababu ya mnyororo anapoteza safari. Mzee wangu, nusu siku ni nyingi. Fundi mwenye dirili na bolti nne anamaliza kabla chai haijapoa, kama bati ni zima. Na kama bati si zima, hiyo nusu siku unaihitaji kuliko unavyodhani, kwa sababu mlango unaokaa juu ya bati bovu utakuja kukugharimu hospitali ya mtu, na familia yake itakuja nyumbani kwako, si karaji.

Basi ninapendekeza nini? Si sheria mpya, wala karatasi nyingine ya kulipia. Karatasi tunazo za kutosha. Napendekeza desturi, na desturi inaanza kwa wanaopakia.

Vijana wa kupakia pale parkingi mnajuana kwa majina. Mkikubaliana ninyi, hakuna gari litakalopakiwa kwa nguvu. Kabla ya mfuko wa kwanza, mmoja wenu ashike mnyororo wa kulia, mwingine wa kushoto, wavute kwa nguvu mara moja, waangalie bolti. Ni kazi ya kuhesabu hadi kumi. Ukiona waya au kamba, mnamwambia shofa kwa heshima: hatupandi juu, tutapakia tukiwa chini hadi utie mnyororo. Ataudhika siku ya kwanza. Siku ya tatu atakuja na mnyororo.

Mama zetu wenye mizigo, ninyi ndio mnaolipa safari. Mnajua kubishana bei hadi franka ya mwisho, na shilingi ya Uganda vilevile. Bishaneni na hili pia. Chagueni gari lenye minyororo miwili, na msisimame chini ya mlango wakati wa kupakia, hata kama mfuko unaouhesabu ni wa kwenu. Hesabuni mkiwa pembeni.

Mashofa, ninyi mna mashirika yenu. Jambo hili lingeweza kuwa la kwanza kwenye mkutano kabla ya michango: kununua mnyororo kwa pamoja, roli nzima, na kila mmoja akatiwe kipande chake kwa bei ya jumla. Na ninyi mapatroni, siku shofa anapoleta hesabu ya mnyororo, msimuulize kwa nini gari limetembea miezi sita bila huo. Mpeni.

Nilimtembelea yule mama majuzi. Anatembea kwa fimbo. Nikamuuliza kama ana hasira na shofa. Akaniambia: "Mwanangu, nilikuwa nimeuona ule waya. Niliuona nikanyamaza, nikasema gari si langu."

Tangu siku hiyo maneno yake hayaniachi. Gari si lake, ni kweli. Lakini mguu ulikuwa wake. Na wewe unayesoma, kesho asubuhi ukienda parkingi, zunguka nyuma ya gari kabla ya kupanda, shika mnyororo, uvute. Ukiona waya, usinyamaze.